Kuomba nafasi ya masomo na utafiti katika idara ya fizikia ukiwa Unguja au Pemba: mwongozo kamili

Kila msimu wa maombi ukifika, ujumbe ninaoupokea ni ule ule: "Mwalimu, nimeandikia vyuo vyote, hakuna aliyenijibu." Nikiomba nioneshwe barua iliyotumwa, naikuta inamsifu profesa ambaye hata jina hakutajwa, inaeleza ndoto ya tangu utotoni, imebeba rundo la vyeti, na mwisho inaomba "nafasi yoyote ile". Walioziandika wana akili zao, na baadhi yao wana alama nzuri kuliko wenzao waliopata. Kinachowakwamisha ni kuitaka idara iwaamini kabla hawajaionesha kazi.

Basi mwongozo huu umesimama juu ya jambo moja: fanya kwanza kazi ndogo ya fizikia hapa hapa nyumbani, kisha ndiyo uombe. Yaliyobaki ni karatasi, na karatasi nazo zina mitego yake.

Nawaandikia walio mwaka wa mwisho wa shahada, waliohitimu, na walimu wa fizikia walio kazini. Kama ndiyo kwanza umetoka kidato cha sita, shughuli yako ni nyingine: Tume ya Vyuo Vikuu inataka prinsipo mbili zenye jumla ya pointi 4.0 au zaidi, A ikiwa 5 na E ikiwa 1, na kila chuo kinaongeza masharti yake juu ya hapo. Uamuzi wako mkubwa ni kuchagua kati ya fizikia tupu na sayansi na ualimu. Ya pili inakupa ajira kwa urahisi zaidi, ya kwanza inakupa kozi nyingi zaidi za fizikia. Soma hatua ya 2 uone tofauti hiyo inavyokuja kukudai baadaye.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Pasipoti iliyo hai, au angalau maombi yake yawe yameshaingia Uhamiaji.
- Cheti na transkripti ya chuo, vyeti vya kidato cha nne na cha sita, na cheti cha kuzaliwa, vyote vimeskaniwa kwa rangi.
- Maelezo ya kozi ulizosoma: kila kozi ya fizikia na hisabati, mada zake, saa zake na kitabu kilichotumika.
- Wadhamini wa kitaaluma wawili, ikiwezekana watatu, wenye barua pepe za chuo au taasisi.
- Barua pepe yenye majina yako halisi. Ile uliyoifungua skuli yenye jina la timu ya mpira iache kwa marafiki.
- Kompyuta, iwe yako au ya kuazima, na bando la kutosha.
- Daftari la tarehe za mwisho.

Maelezo ya kozi ndiyo wengi wanayoyapuuza. Mtu aliyekaa Kigali au Trieste akisoma jina la kozi kwenye transkripti yako hajui kama mliufikia mlinganyo wa Schrödinger au mliishia kwenye atomu ya Bohr. Usimwachie abahatishe, maana akibahatisha atakupunguzia. Kama idara yako haina maelezo yaliyochapwa, yaandike mwenyewe kutoka madaftari yako, kisha umpelekee mkuu wa idara ayapitie na kuyagongea muhuri.

## Hatua ya 1: Linganisha majina

Anza hapa kwa sababu hili linachukua muda mrefu na haliko mikononi mwako peke yako.

Cheti cha kuzaliwa kinasema Hamis, cheti cha mtihani kinasema Khamis. Kitambulisho cha Mzanzibari kina jina la babu, transkripti haina. Hapa kwetu hakuna anayeshughulika, karani anakujua na baba yako anamjua. Kule nje fomu yako inasomwa na mtu asiyekujua, na tofauti ya herufi moja inatosha faili lako kuwekwa pembeni "kusubiri ufafanuzi" mpaka dirisha lifungwe.

Tandaza karatasi zote mezani, uandike majina ya kila moja kama yalivyo, herufi kwa herufi. Vyeti vya mitihani ndivyo vigumu zaidi kubadilika, kwa hiyo vingine vyote vivifuate hivyo. Cheti cha kuzaliwa na kitambulisho unavirekebisha kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar, pasipoti unairekebisha Uhamiaji. Tofauti isiyoweza kuondoka itafutie hati ya kiapo, na iandikwe kwa Kiingereza ili isihitaji mfasiri.

Fomu za nje pia zitakuuliza jina la ukoo, nasi tuna jina letu, la baba na la babu. Angalia pasipoti yako imeweka nini kwenye nafasi hiyo, uandike hilo hilo kila pahala. Tabu inakuja pale mtu anapoandika la baba kwenye fomu hii na la babu kwenye ile, kisha barua ya mdhamini ikaja na mpangilio wa tatu.

## Hatua ya 2: Jua unaomba nafasi ya aina gani

Idara ya fizikia haina "nafasi" kwa jumla. Ina milango kadhaa, na kila mmoja una watu wake.

Waliosoma sayansi na ualimu wanisikilize hapa. Shahada yenu imegawanywa: sehemu fizikia, sehemu somo la pili, sehemu saikolojia na mbinu za kufundishia. Ukilinganishwa na aliyesoma fizikia tupu, mara nyingi utakuwa umepungukiwa na makanika ya kwanta, sumakuumeme ya ngazi ya juu na fizikia ya takwimu. Ukiomba uzamivu moja kwa moja kwenye nadharia utagonga ukuta. Tafuta mlango wa kuzibia pengo.

Mlango ninaoupenda kuliko yote kwa kazi hiyo ni stashahada ya uzamili ya ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia kilichoko Trieste, Italia, kilichoanzishwa na Abdus Salam mwaka 1964. Ni mwaka mmoja wa kusoma kwa nguvu, umekusudiwa wanafunzi wa nchi zinazoendelea ambao vyuo vyao havikuwafikisha mbali, na ndani yake mna matawi kama fizikia ya chembe, ya maada mango, ya mifumo ya dunia, na hisabati. Kuomba hakuna ada, na wanaochaguliwa hulipiwa. Ushindani wake ni mkali.

Mlango wa pili uko karibu zaidi. Kigali, ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda, kuna EAIFR, taasisi ya utafiti wa msingi ya Afrika Mashariki, ambayo ni mshirika wa ICTP, yenye uzamili na uzamivu wa fizikia. Mtanzania anaingia Rwanda bila hata kuomba viza. Sijui kwa nini vijana wetu wanairuka Kigali wakakimbilia Kanada.

Mwenye hisabati nzuri aangalie AIMS, taasisi ya Afrika ya sayansi za hisabati, iliyoanzia Muizenberg, Cape Town, mwaka 2003, na sasa ina vituo pia Senegal, Ghana, Kameruni na Rwanda. Huko Afrika Kusini kwenyewe ujue kuna mwaka unaoitwa onazi (Honours) kati ya shahada ya kwanza na uzamili. Ukiambiwa "anza na onazi" hujadharauliwa, ndiyo ngazi yao.

Nyumbani kuna Idara ya Fizikia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale Mlimani, kuna Dodoma, na kuna Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha kwa wanaotaka nishati na sayansi ya maada. Na hapa hapa Unguja, Buyu, ipo Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Watu wakisikia bahari wanafikiria samaki tu, wakati mikondo, mawimbi na kujaa na kupwa kwa maji ni fizikia tupu.

Ulaya na Marekani zinatofautiana kwa jambo linalowapoteza wengi. Marekani unaweza kuomba uzamivu ukiwa na shahada ya kwanza tu, na idara za fizikia kwa kawaida humlipa mwanafunzi wa uzamivu kwa kusaidia kufundisha au kwa kazi ya utafiti. Ulaya kwa kawaida wanataka uzamili kwanza. Ujerumani vyuo vingi vya serikali havitozi ada ya masomo, lakini ubalozi utataka uoneshe zaidi ya euro 11,000 za kujikimu kwa mwaka zikiwa zimefungiwa benki. Kupokewa na chuo na kulipiwa ni mambo mawili, usije ukachinja mbuzi kwa barua ya kupokewa peke yake.

Zipo pia nafasi fupi: programu ya kiangazi ya CERN (maabara kubwa ya fizikia ya chembe iliyoko Geneva), inayotaka uwe umemaliza angalau miaka mitatu ya chuo na ambayo kwa kawaida hufunga maombi mwezi wa Januari, na Skuli ya Fizikia ya Afrika, iliyoanza mwaka 2010. Hizi hazikupi shahada. Zinakupa wadhamini wapya na uzoefu, na kwa mtu wa visiwani hilo lina thamani kubwa.

Hatua hii imekamilika ukiwa na milango mitatu iliyoandikwa kwenye daftari, yenye tarehe zake na masharti yake. Ukiwa na kumi na tano, bado hujaamua.

## Hatua ya 3: Isome idara kabla ya kuiandikia

Fungua tovuti ya idara, uende kwenye vikundi vya utafiti, uache ukurasa wa picha za majengo. Tafuta watu wawili au watatu ambao kazi zao unaweza kuzielewa japo nusu. Kisha nenda arXiv, ghala la makala za fizikia lililopo tangu 1991 na lisilotoza senti, utafute majina yao. Soma utangulizi, grafu na hitimisho. Milinganyo ya katikati utairudia baadaye.

Angalia mambo mawili: kama mtu huyo ametoa makala ndani ya miaka miwili iliyopita, na kama miongoni mwa waandishi wenzake wamo wanafunzi. Profesa anayeandika peke yake kila mara huenda hana nafasi ya mwanafunzi, hata awe mwema vipi.

Mwisho wa hatua hii uweze kumwambia ndugu yako asiyesoma fizikia, kwa sentensi mbili, mtu huyo anatafuta nini. Ukishindwa, mtafute mwingine.

## Hatua ya 4: Fanya kazi ndogo ya kwako

Hapa ndipo penye uzito. Hatua nyingine zifanye kwa siku, hii ipe wiki kadhaa.

Lengo ni kurasa mbili: swali moja, kipimo au uchambuzi mmoja, grafu mbili, na maelezo ya kosa la kipimo. Hakuna anayetarajia ugunduzi. Msomaji anataka kuona kama unajua kuuliza swali linaloweza kujibiwa, na kama unajua jibu lako linaweza kukosea kwa kiasi gani. Nitaeleza kazi moja kwa urefu, na mbili kwa kifupi.

### Maji ya Zanzibar

Bandari ya Zanzibar ina kipimo cha usawa wa bahari, na data zake za saa kwa saa, kuanzia miaka ya 1980, hutolewa bure na Kituo cha Usawa wa Bahari cha Chuo Kikuu cha Hawaii. Pakua faili la kituo cha Zanzibar. Chukua mwezi mmoja kwanza, usibebe miaka thelathini siku ya kwanza.

Chora grafu: muda chini, kimo cha maji pembeni. Utayaona maji yakijaa na kupwa mara mbili kwa siku, na utaona tofauti kati ya maji makuu na madogo ikipanuka halafu ikasinyaa. Bamvua na maji mafu yako mbele yako kwenye skrini. Wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani wanapanga kazi zao kwa hesabu hiyo bila kompyuta.

Sasa fanya badiliko la Fourier, hesabu inayoyatenganisha mawimbi yaliyochanganyika kwa vipindi vyake; katika Python, lugha ya kuandikia programu, ni mstari mmoja. Yatatokea vilele. Kirefu kuliko vyote kitakuwa kwenye kipindi cha saa 12.42, nao ni mvuto wa mwezi. Pembeni yake kipo kingine kwenye saa 12.00, mvuto wa jua. Vipindi hivyo viwili vinapishana kidogo tu, na kupishana huko ndiko kunakozaa bamvua: gawanya moja kwa 12.00, utoe moja iliyogawanywa kwa 12.42, kisha ugawanye moja kwa jibu hilo. Utapata kama saa 355, yaani karibu siku 14.8. Ndiyo nusu ya mwezi wa mvuvi.

Onyo la kwanza: ukichukua data ya wiki moja, vilele viwili vitaungana kuwa kimoja kinene na utadhani umekosea programu. Hujakosea. Kuvitenganisha kunahitaji rekodi ndefu kuliko siku hizo 14.8. Waeleze hilo kwenye kurasa zako, uwaoneshe grafu ya siku saba kando ya grafu ya siku thelathini. Grafu hizo mbili peke yake zinamwambia msomaji kuwa unaelewa unachofanya.

Onyo la pili: saa zilizomo kwenye faili ni za Greenwich, sisi tuko mbele kwa saa tatu. Ukilinganisha na ratiba ya maji ya hapa bila kusogeza, kila kitu kitapishana.

Onyo la tatu: penye data iliyokosekana huwekwa namba hasi kubwa, kama -32767. Usipoziondoa, grafu yako itaonesha bahari ikizama mita thelathini na mbili chini. Nimeziona grafu za namna hiyo zikiwa zimeshatumwa kwa maprofesa.

Ukitaka kuisukuma mbele, tafuta data ya upepo, ulinganishe usawa wa maji wakati wa kaskazi na wakati wa kusi baada ya kuondoa mvuto wa mwezi na jua. Hilo tayari ni swali la uzamili.

Kama huna kompyuta yenye nguvu, Python hufanya kazi ndani ya kivinjari kupitia Google Colab, na watu wanaifanya hata kwa simu, kwa kuvumilia.

### Pendulo na uvutano

Vitabu vya skuli vinasema uvutano ni 9.81. Hapa kwetu, kama nyuzi sita kusini ya ikweta, thamani ni karibu 9.78, kwa sababu dunia imevimba ikwetani na inazunguka. Je, unaweza kuiona tofauti hiyo kwa uzi na jiwe?

Tofauti ni asilimia 0.3. Pendulo la mita moja huchukua kama sekunde mbili kwa bembea moja kamili. Kidole chako kikichelewa sekunde 0.2 kwenye saa ya simu, na ukahesabu bembea 50, kosa la muda ni asilimia 0.2, nalo hujirudia mara mbili kwenye uvutano: asilimia 0.4. Haitoshi. Ukihesabu bembea 100 unashuka hadi asilimia 0.2, na hapo tofauti inaanza kuonekana, ilimradi urefu wa uzi umeupima kwa milimita, kutoka pale uliponing'inizwa mpaka katikati ya jiwe. Ukipata 9.81 bila kuandika kosa la kipimo huna la kujivunia. Anayeandika 9.77 na kosa la 0.02 amefanya fizikia.

### Paneli ya jua na joto la bati

Paneli za silikoni hupoteza takriban asilimia 0.3 hadi 0.5 ya nguvu zake kwa kila digrii ya joto kupita 25. Juu ya bati la Chake Chake saa saba mchana, paneli ina joto kiasi gani? Ukiwa na mita ya umeme na kipimajoto, jibu unalo. Pima volti, joto na muda kwa siku kadhaa, pamoja na siku za mawingu. Tahadhari: usipande bati lenye joto peke yako, na usiguse nyaya za mfumo mkubwa wa nyumba ya mtu. Paneli ndogo ya kuchajia simu inatosha.

Kazi yako imeiva pale mtu mwingine, akifuata kurasa zako mbili bila kukuuliza, anaweza kupata namba zile zile. Mpe mwanafunzi wa mwaka wa pili ajaribu.

## Hatua ya 5: Andika barua kwa mtu mmoja

Barua ya kumwandikia profesa isizidi maneno 150 au 200. Anaisoma kati ya vipindi, labda kwenye simu. Utaiandika kwa Kiingereza, na mifupa yake ni hii:

"Profesa fulani, mimi ni mhitimu wa shahada ya sayansi na ualimu, fizikia na hisabati, kutoka Zanzibar. Nimesoma makala yenu kuhusu mikondo ya maji katika mlango wa bahari, na ningependa kujua kwa nini msuguano wa sakafu umechukuliwa kuwa ni ule ule pote wakati kina kinabadilika. Nimechambua data za kituo cha Zanzibar na nimeambatisha kurasa mbili. Naomba kujua kama mwakani mtapokea mwanafunzi wa uzamili, na kama ufadhili unaombwa kupitia idara yenu."

Basi. Salamu, jina, chuo, mwisho.

Swali kuhusu makala ndilo linaloifanya barua yako isifanane na nyingine, kwa hiyo liwe la kweli. Swali la kubuni linajulikana kwa mtu aliyekaa na jambo hilo miaka ishirini. Usimsifu. Usiombe msaada wa kimaisha. Na adabu yetu ya kuzunguka kabla ya kufika kwenye shida, ambayo nyumbani ni heshima, kwenye barua hii iache, maana msomaji wa kule ataona hujui unachotaka.

Usitume barua moja kwa watu wengi kwa pamoja. Vikundi vya utafiti ni vidogo na wanakaa chumba kimoja.

Usipojibiwa, kumbushia mara moja baada ya wiki mbili, kwa sentensi mbili. Ukinyamaziwa tena, nenda kwa mwingine bila kinyongo. Agosti wengi wa Ulaya wako likizoni, na mwishoni mwa Desemba vivyo hivyo. Jibu zuri halina lazima liwe "karibu". "Omba kupitia idara, tarehe ya mwisho ni fulani, nitalitazama faili lako" ni jibu zuri sana.

Kumbuka pia kuwa ICTP, EAIFR na AIMS hupokea kwa kamati. Huko huhitaji kumtafuta profesa kwanza. Kurasa zako mbili ziingize kwenye wasifu na kwenye barua ya maelezo binafsi.

## Hatua ya 6: Waandae wadhamini

Mdhamini mzuri ni aliyekufundisha au kukusimamia na anayeweza kutaja kitu ulichofanya. Cheo chake ni cha pili. Barua ya mkuu wa chuo isemayo "namfahamu, ana tabia njema" haina uzito mbele ya barua ya mwalimu wa maabara isemayo uligundua kosa kwenye kifaa na ukalirekebisha.

Mwendee mwezi mzima kabla. Mpelekee kila kitu kwa pamoja: transkripti, kurasa zako mbili, tangazo la nafasi, tarehe ya mwisho, na mistari mitano inayomkumbusha kozi uliyosoma kwake. Muulize waziwazi, "Ustadh, unaona unaweza kuniandikia barua yenye nguvu?" Akisita, mshukuru utafute mwingine.

Kuna tatizo ambalo kwetu ni kubwa: wahadhiri wengi wanatumia Gmail, na baadhi ya mifumo inakataa barua ya mdhamini isiyotoka anuani ya taasisi. Muulize mapema kama anuani yake ya chuo inafanya kazi. Wiki moja kabla ya mwisho mkumbushe kwa simu, kwa heshima. Kama anakaa Pemba na mtandao unamsumbua, panda gari umfuate, ukae naye mpaka barua iingie.

## Hatua ya 7: Jaza na utume

Andika majibu marefu kwenye faili lako kwanza, kisha uyanakili kwenye fomu, maana umeme ukikatika hutapoteza kitu. Mafaili yawe PDF, mepesi, yenye majina yanayoeleweka. Steshenari wakikuskania kwa ukungu, kataa, waskani tena.

Baadhi ya vyuo hukubali barua ya chuo chako inayosema ulisomeshwa kwa Kiingereza badala ya mtihani wa lugha. Uliza kabla hujalipa, kwani mtihani ni ghali na huenda ukakulazimu kuvuka kwenda Dar es Salaam.

Angalia sana saa. "23:59 UTC" kwetu ni saa nane na dakika 59 usiku wa kuamkia siku inayofuata. Lakini tangazo likisema saa za mji wa chuo, hesabu upya. Wewe tuma siku mbili kabla, uepukane na hesabu zote hizo.

Kuna mawakala mjini wanaotoza fedha "kukupatia chuo". Kwa nafasi za fizikia zenye ufadhili nilizozitaja, wakala hana analoweza kukufanyia usiloliweza mwenyewe, na anayedai ana mtu wake ndani ya kamati anakuibia.

Ukishapata barua pepe ya kuthibitisha kupokelewa, na mfumo ukaonesha barua za wadhamini zote zimeingia, hapo ndipo maombi yamekamilika. Kabla ya hapo bado, hata kama umebonyeza kitufe cha kutuma.

## Hatua ya 8: Usaili

Utaulizwa misingi: sheria za Newton, kani na nishati, mlinganyo wa wimbi, na kurasa zako mbili kwa undani. Jiandae kueleza kila mhimili wa kila grafu. Ukiulizwa usilolijua, sema hujui, kisha ueleze ungeanzia wapi. Wanapima unavyofikiri.

Wakipanga muda unaoangukia sala ya Ijumaa, waambie mara moja na upendekeze mwingine, hakuna anayechukia. Chaji kila kitu usiku uliotangulia, uwe na bando la mtandao wa pili, na uwe na karatasi na kalamu ya kuonesha mbele ya kamera.

## Hatua ya 9: Baada ya kukubaliwa

Soma barua mpaka mstari wa mwisho uone nini kinalipwa: ada, kujikimu, nauli, bima. Kisichoandikwa hakilipwi. Jibu kwa maandishi ndani ya siku walizotoa.

Mwalimu wa serikali aombe ruhusa ya masomo kupitia skuli na wizara mapema, na asiondoke kabla haijatoka kwa maandishi. Mwenye pengo la fedha afuatilie dirisha la Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar akiwa na barua ya kupokewa mkononi.

Kama utafiti wako utakurudisha kukusanya data hapa, ujue kibali cha utafiti cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, ni cha Bara na Zanzibar ina utaratibu wake. Mwambie msimamizi wako tangu mwanzo, ili vibali viingizwe kwenye ratiba ya mwaka wa kwanza.

Na unapoagana na wadhamini wako, waachie anuani yako mpya. Cheti cha nje kitahitaji kutambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu utakaporudi, kwa hiyo hifadhi barua ya kupokewa, transkripti ya kila mwaka na kurasa za pasipoti zenye mihuri ya kuingia na kutoka.